Kichana Kilichovunjika Jino

Jumapili moja tukichambua ndengu mlangoni, wiki moja kabla msichana wangu hajaanza chuo, aliniambia bila kuinua macho, "Mami, tukifika pale hunijui."

Nikacheka. Nilidhani anatania.

"Mimi sicheki. Wewe shika mopa yako, mimi nishike vitabu zangu. Nikipita usiniite. Usiniulize kama nimekula. Wenzangu wakijua mamangu ndiye anaosha choo, nitasoma vipi hapo?"

"Siku hizi sioshi choo peke yake. Napika jeli."

"Ni ile ile."

Nikakubali. Nilikuwa na miaka arobaini na tatu na mtoto mmoja, huyo tu, na babake alishazikwa kule Kiritiri. Kila asubuhi nilikuwa namwomba Mungu kitu kimoja: amalize hiyo diploma ya maabara, avae joho, mimi nimwone. Hata nikikaa nyuma kabisa. Sasa kama bei yake ni kunyamaza, nilijiambia, kunyamaza najua.

Chuo chenyewe ni kidogo, hapa Embu mjini, vyumba vinne juu ya duka la dawa za mifugo. Niliingia hapo kama mtu wa usafi. Shule nilikuwa nimeacha darasa la saba, kwa hivyo jioni nikitoka kazi nilienda gumbaru, ile shule ya watu wazima, kwa ukumbi wa kanisa. Msichana wangu alikuwa mdogo wakati huo. Alikaa chini ya dawati langu akifanya homuwaki yake huku mimi nikifanya yangu, na wazee walikuwa wanampa njugu ili anyamaze. Miaka sita, mpaka nikapata cheti cha kidato cha nne. Fundi wa maabara wa wakati huo, mzee mpole, aliona nasoma maandishi ya chupa nikipanguza rafu. Akaanza kunifundisha. Alipostaafu, kazi ya kupika jeli ikabaki kwangu. Mopa nayo ikabaki kwangu.

Jeli ni hivi. Kuna unga mweupe, unauchemsha kwa maji yaliyotiwa chumvi zake mpaka uwe mwangavu kabisa. Unangoja upoe, unashika chupa kwa kiganja kama vile unapima maziwa ya mtoto. Halafu unamwaga kwa trei na kusimamisha kichana ndani. Ikiganda unatoa kichana, meno yake yanaacha visima vidogo kwa mstari. Mwanafunzi anatia DNA yake kwa kila kisima, imechanganywa na rangi ya buluu ili aione na izame. Unawasha stima. DNA inatembea ndani ya jeli kutoka waya mweusi kwenda waya mwekundu, vipande vidogo vinatangulia, vikubwa vinachelewa. Mwishoni unaweka jeli juu ya taa ya zambarau, unazima taa zingine. Kama kuna kitu, utaona mistari inang'aa. Kama hakuna kitu, utaona giza. Huwezi kubembeleza jeli.

Mara ya kwanza kuona ile mistari nilisema "Bwana asifiwe" kwa sauti. Darasa lote likaanguka kicheko. Tangu siku hiyo nikaitwa Mama Jeli, na mkubwa wa chuo, ambaye alipenda sana watu wacheke akiongea, ndiye aliyelishikilia hilo jina kuliko wanafunzi.

Kichana chetu kilikuwa na meno kumi na manne. Kiliniponyoka siku moja kwa sinki, jino la tatu kutoka kushoto likamegeka kona. Bado kilifanya kazi, lakini kisima cha jino hilo kilitoka na kona imekatwa, na mstari wa DNA ya hapo ukawa unatoka umepinda, kama mdomo wa mtu anayecheka upande mmoja. Nikaandika alama kwa kalamu upande wa kushoto ili nisikigeuze. Tulikitumia hivyo mwaka mzima hadi kipya kikaja. Cha zamani nikakiweka kwa droo yangu. Mimi si mtu wa kutupa vitu ovyo.

Msichana wangu alitimiza maneno yake. Asubuhi alitoka nyumbani dakika kumi kabla yangu. Chuoni alinipita kama ukuta. Wenzake wakisema Mama Jeli, naye anasema Mama Jeli. "Mama Jeli, hapa kumemwagika, kuja upanguze." Nilipanguza. Jioni nyumbani ananiita Mami na kuniuliza kama kuna chai.

Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi hufanya utafiti wake, na bila huo hakuna kumaliza. Wake ulikuwa wa mbuzi. Alitaka kuangalia kama mbuzi wa upande wetu wa Kiritiri bado ni wa kienyeji au wameshachanganyika na hawa wa kisasa. Alienda siku ya soko na daktari wa mifugo, wakatoa damu mbuzi kumi na wawili. Jioni hiyo hiyo mbuzi wenyewe walipakiwa lori kwenda kuchinjwa Nairobi. Kwa hivyo ile damu ndiyo ilikuwa imebaki yao duniani. Nusu aliitumia, nusu akaweka kwa friji ya maabara.

Siku ya kutoa DNA nilikuwa napiga mopa mle ndani. Kazi hiyo unapasua damu kwa sabuni, halafu unatia fenoli, dawa kali yenye harufu ya wadi ya hospitali. Unatikisa, unazungusha kwa mashine, na ikitulia inajigawa mara mbili. Juu kunakaa maji meupe yasiyo na kitu ukiyaangalia. Chini kunakaa kitu kizito cha kahawia. DNA iko kwa yale ya juu. Lakini mtu ambaye hajashikwa mkono akaonyeshwa, macho yake yanaenda chini, kwa sababu chini ndiko kuna rangi ya damu. Nani atafikiri kitu cha maana kiko kwa maji?

Nikaona mkono wake unashuka mpaka chini. Akavuta ile ya kahawia, akaiweka kwa tyubu safi. Maji ya juu akayamwaga kwa chupa ya taka. Mbuzi wa kwanza. Wa pili.

Nikakohoa. Nikasogea na mopa mpaka karibu na kiti chake.

"Mama Jeli, unataka kupita?" akaniuliza.

Alikuwa na rafiki zake wawili. Mmoja akasema, "Aii, si anataka kukufundisha."

"Huyu?" msichana wangu akasema. "Huyu alisoma gumbaru. Muulize kama anajua DNA ni kirefu cha nini."

Wakacheka wote watatu. Yeye ndiye aliyecheka mwisho, na alicheka bila kunitazama. Mtoto aliyekula njugu za wazee wa gumbaru chini ya dawati langu. Nilirudi kwa ndoo nikaendelea na kazi, na yeye akamaliza mbuzi wake wote kumi na wawili hivyo hivyo. Chupa ya taka nikaimwaga mimi mwenyewe jioni, kwa sababu ni kazi yangu.

Kesho yake akapima. Kuna mashine ndogo, unaweka juu yake tone moja tu, dogo kama chozi. Inapitisha mwanga ambao hatuwezi kuuona, inaangalia mwanga mwingi kiasi gani umemezwa, halafu inakupa namba: DNA ni kiasi hiki. Sasa fenoli nayo inameza mwanga karibu na huo huo. Mashine haina pua. Namba zikatoka kubwa, kubwa kuliko za mtu yeyote darasani. Wakapigana makofi. Mimi nilikuwa mlangoni na taulo za karatasi, na harufu ya fenoli ilinifikia pale pale nilipokuwa. Kuna namba nyingine ndogo pembeni ambayo huonyesha kama ni safi. Yake ilikuwa mbaya. Hakuiangalia.

Jioni nilimngoja anywe chai kwanza.

"Ulichukua ya chini," nikamwambia. "DNA iko kwa maji ya juu. Zile namba ni za fenoli. Bado una damu nusu kwa friji, kesho rudia. Nitakuonyesha wenzako wakienda lanchi."

Akaweka kikombe chini polepole. "Kwa hivyo unanichunguza."

"Nakusaidia."

"Namba zangu ndizo za juu darasa lote, Mami. Na wewe uliyemaliza form four na wazee wasio na meno ndiye unaniambia nimekosea. Si useme tu ni wivu. Unaona mtoto amekupita."

Wivu. Nilikuwa nimebeba huyo mtoto mgongoni nikienda kufua nguo za watu. Nilimwangalia, nikamwambia, "Sawa." Nikainuka nikaosha sufuria. Ijumaa ikafika bado hatujaongea.

Ijumaa ndiyo siku ya kusafisha friji. Kanuni imebandikwa mlangoni mwa friji na ni mimi niliyeibandika: tyubu isiyo na jina na tarehe itatupwa. Zake zilikuwa na namba tu, moja hadi kumi na mbili. Wanafunzi wengi husahau. Siku zote nilikuwa nawaita, "Wewe, kuja uandike jina kabla sijatupa," nao wanakuja mbio na kalamu wakinishukuru. Hakuna mwanafunzi hata mmoja ambaye nilitupa vitu vyake bila kumwita.

Nilitoa ile trei nikaisimamisha mbele yangu. Vifuniko vya zambarau, kumi na viwili. Mimi huomba kwa kila kitu, hata nikitafuta funguo. Hapo sikuomba. Ningeomba ningeambiwa nirudishe. Nilifungua kimoja kimoja nikamwaga kwa ndoo ya klorini, damu ikageuka rangi ya matope, nikaosha trei, nikaianika. Nilijiambia ni kanuni.

Jumatatu akapitisha DNA yake kwa jeli. Niliipika mimi, na niliipika vizuri, sitaki mtu aseme niliharibu. Taa zikazimwa. Ile ngazi tunayoweka kando ili kupimia ukubwa iling'aa vizuri. Visima vyake vyote, giza.

Mkubwa wa chuo akainama akaangalia. "Mbuzi zako ni za plastiki?" Darasa likacheka. "Ama ulitoa damu kwa picha ya mbuzi?" Wakacheka tena, na wale rafiki zake wawili pia. "Nakupa wiki mbili. Bila picha ya jeli, hakuna kuwasilisha, na bila kuwasilisha rudi nyumbani ukachunge hizo mbuzi."

Nilikuwa naosha chupa kwa sinki. Nilimsikia akifungua friji. Mlango wa friji ukikaa wazi sana huanza kulia, na huo ulilia. Halafu akaufunga. Hakuniuliza chochote, wala chuoni wala nyumbani. Nilingoja aniulize. Nilikuwa nimepanga jibu la kanuni.

Wiki mbili zikaisha. Siku ya kuwasilisha nilitumwa kupeleka chai kwa wageni. Kulikuwa na mkubwa wa chuo, na mama mmoja mtahini kutoka nje ya chuo, na wanafunzi wote. Msichana wangu alisimama mbele amevaa blauzi nyeupe niliyoipiga pasi asubuhi. Ukutani projekta ilionyesha picha ya jeli: mistari kumi na miwili, safi, inang'aa.

"Hii ni kazi nzuri," mtahini akasema.

"Nzuri sana," mkubwa wa chuo akasema. "Mimi wiki mbili zilizopita niliona giza. Damu nyingine ulitoa wapi?"

"Ilikuwa imebaki kwa friji, sir. Nikarudia."

Nikashika birika kwa mikono miwili. Katika hicho chumba ni watu wangapi walijua hakukuwa na damu kwa friji? Nilidhani ni mimi peke yangu na yeye, na kwamba yeye hajui ilienda wapi.

"Mama Jeli, hebu kuja hapa. Jeli zote si unapika wewe? Hii ni yako?"

Nikaweka birika chini, nikasogea. Jino la tatu. Kona iliyokatwa, mstari uliopinda. Lakini lilikuwa la tatu kutoka kulia. Kichana kile kilikuwa kwenye droo yangu tangu zamani, kabla hao mbuzi hawajatolewa damu. Picha ilikuwa ya DNA ya ndengu, utafiti wa mwanafunzi aliyemaliza mwaka uliotangulia. Msichana wangu alikuwa ameigeuza tu, kushoto kuwa kulia, ili isijulikane.

"Mami," msichana wangu akasema.

Miaka mitatu hajawahi kuniita hivyo ndani ya yale majengo.

"Mami, waambie ni yetu."

"Huyu ni mamako?" mkubwa wa chuo akauliza, na uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyeletewa zawadi. "Mama Jeli! Na ukatuficha?"

Nyuma mtu akacheka. Msichana wangu hakugeuka. Alikuwa ananiangalia mimi, macho yake yamejaa, na midomo yake ilikuwa kama ile ya utotoni akitaka kubebwa. Nilijua nikisema ndiyo, imeisha, amemaliza, joho ni lake. Nilijua pia ile amri ya tisa, usimshuhudie jirani yako uongo, na ni nani anayenisikia nikisema.

"Jeli ni yangu," nikasema. "Lakini hizi si mbuzi. Ni ndengu. Picha imegeuzwa."

Nilienda kwa droo nikaleta kichana. Hakuna aliyenituma. Nilikigeuza, nikakishika mbele ya mwanga wa projekta, kivuli cha jino lililomegeka kikakaa juu ya kisima chake sawasawa, na kivuli cha mkono wangu kikafunika uso wa msichana wangu.

"Mama Jeli, leo umetufanyia kazi ya polisi," mkubwa wa chuo akasema. Halafu akamgeukia msichana wangu. "Unaona? Hata aliyekuzaa amekukataa."

Mtahini akauliza kama mwanafunzi ana la kusema. Msichana wangu alinitazama. Nikaona anafungua mdomo, nikaona anaufunga. "Sina," akasema. Hakuna aliyeuliza damu ya friji ilienda wapi, na mimi sikusema. Nilijibu kile nilichoulizwa.

Alifukuzwa wiki hiyo. Barua ilibandikwa ubaoni kila mtu aisome, na ilibidi mimi ndiye nipanguze kioo cha huo ubao. Habari ikafika kanisani. Mchungaji akanisimamisha Jumapili nitoe ushuhuda, mama aliyechagua ukweli kuliko damu yake. Alisema hivyo, damu yake. Akina mama walipiga vigelegele. Nilitoa ushuhuda. Nilisema ya kichana, nikaketi.

Msichana wangu alikuwa amehamia Kiritiri kwa cucu yake, mama ya marehemu mume wangu. Miezi mitatu hakushika simu yangu. Jumamosi moja nikaenda. Nilimkuta nyuma ya nyumba anafunga mbuzi kwa kamba, amekonda, mikono imechubuka. Hakunisalimia. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, na nikasema nikiwa bado nimesimama na mkoba begani, kabla woga haujanishika.

"Ile damu ya friji. Ni mimi niliitupa."

Akakaza fundo. "Najua."

"Unajua?"

"Nilikuwa nyuma ya kioo cha mlango. Nilikuwa nimekuja kuandika majina." Akaivuta kamba kuona kama imeshika. "Nilikuja kurudia, vile uliniambia. Nikakuona unafungua moja moja."

"Mbona hukuingia? Mbona hukusema siku ile, mbele yao?"

"Niseme nini? Mfagiaji ametupa damu yangu? Ungefutwa." Mbuzi akavuta, naye akampiga teke, teke la kweli, mbuzi akalia. "Nilikuita Mami mbele ya watu wote. Nilidhani utaelewa. Mimi nimekufichia yako, wewe unifichie yangu."

Nikiulizwa tena leo kuhusu ile picha, nitajibu vile vile, na hilo nilimwambia, kwa sababu sikutaka kumdanganya tena. Lakini nilimwambia pia kwamba nilipomwaga ile damu haikuwa kanuni. Nilitaka aone giza. Nilitaka alie aje kwangu.

"Nisamehe," nikasema.

"Sawa," akasema.

Aliisema vile vile nilivyoisema mimi jioni ile ya chai, na akainuka kama nilivyoinuka.

Kutoka jikoni cucu akaita kwa Kimbeere, anauliza ni nani huyo anayeongea.

"Ni mama mmoja wa Embu," msichana wangu akajibu. "Mtilie chai. Hakai."

Cucu akatoka na kikombe, akaniona, akashangaa, akaangalia mmoja wetu kisha mwingine. Nilikunywa chai yangu nikiwa nimesimama. Msichana wangu aliwafungua mbuzi aliokuwa ametoka kuwafunga, akawapeleka upande wa chini, kwenye miiba, na hakurudi mpaka nilipoondoka.